Kitufe cha Kona ya Kulia

"Shangazi, nguo zimeanikwa."

Sauti ya Mkuu ilimpenya sikioni. Mwanamke aliyekuwa akideki korido ya chini hakuinua kichwa. Alikamua tambara, akalirudisha sakafuni, kisha akanong'onea kipaza sauti kilichofichwa kwenye ukosi wa gauni lake.

"Ngapi?"

"Thelathini na moja. Lori namba nne. Limetoka saa nne na dakika kumi."

"Kizuizini saa ngapi?"

"Saa sita kasoro robo. Ukishindwa, tutapokea maiti."

"Nimesikia."

Mkuu akakata. Yeye si mtu wa kuagana.

Shangazi alitazama saa yake, Casio ya plastiki iliyochubuka kioo. Saa nne na dakika ishirini na tano. Akaendelea kudeki.

Wiki tatu sasa alikuwa akideki jengo hili la ghala la baridi. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na mitatu, magoti yakimlalamikia kila asubuhi, ndala miguuni, kilemba kimeficha kifaa cha sikioni. Wiki tatu, na hakuna aliyemuuliza jina. Wanaume wenye bunduki walimpisha kwenye ngazi na kuendelea na soga zao. Ndani ya ndoo, chini ya maji machafu, ndani ya mifuko miwili ya nailoni, bastola ya Glock 19 yenye kiwambo cha kuzuia sauti ilikuwa imelala. Ndani ya boksi la sabuni ya unga kulikuwa na redio ya Motorola na kipande cha baruti ya C4 kinachotosha kulipua mlango mmoja.

Mlango wenyewe ulikuwa ghorofa ya tatu. Wa chuma.

Nyuma yake alikaa mtu ambaye kila mtu alimwita Mpole. Hakuwahi kupaza sauti. Alikuza mawaridi kwenye vyungu dirishani na kuyapogoa mwenyewe. Aliwaambia madereva wake "tafadhali" na "pole", na alikuwa anauza watu. Vijana walioahidiwa kazi ng'ambo walipanda malori yake kwa miguu yao wenyewe, wakaketi nyuma ya ukuta wa mizoga ya ng'ombe, na wakishuka upande wa pili walikuwa mali ya mtu.

Jeshi zima lingeweza kumvamia hata kesho. Tatizo lilikuwa simu.

Mpole aliendesha kila kitu kutoka kwenye Samsung yake. Kila lori lilikuwa na ukurasa wake, na kwenye ukurasa huo kulikuwa na kitufe cha kufungua milango na kitufe cha kuzima hewa. Hewa ikizimwa, feni zinasimama, joto linapanda, na kufuli zinajibana saa nzima. Hata yeye mwenyewe hawezi kuzilegeza. Kukata chuma kile kunahitaji dakika arobaini. Walio ndani wana kumi na mbili.

Mkikata mtandao, lori linajizima lenyewe baada ya dakika moja. Mkivunja mlango wa ghorofa ya tatu, kidole gumba ni chepesi kuliko mlango.

Kwa hiyo kidole kile kilikuwa lazima kibonyeze. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuhakikisha kinabonyeza vibaya.

Alibeba ndoo yake, akagonga mlango ulio nyuma ya chumba cha kompresa.

*

Chumba cha fundi kilitetemeka kutwa nzima. Meza moja, kompyuta ya Lenovo, simu mbili za majaribio, kikombe kisicho na mkono. Juu ya skrini ilibandikwa picha ya msichana anayecheka, mkono umeinuliwa, na kovu la pasi juu kidogo ya kifundo.

"Shikamoo, Shangazi. Leo umenianza mimi?"

"Marahaba, mwanangu. Inua miguu nideki."

Akainua. Kijana wa miaka ishirini na tisa, mpole kweli huyu, si kwa jina tu. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole gumba.

Shangazi alifunga mlango kwa ufunguo. Akapitisha tambara chini ya meza, akapitisha tena, maana kazi ni kazi. Kisha akatumbukiza mkono kwenye ndoo na kuiweka Glock juu ya kibodi, bado inachuruzika.

"Sasa shusha miguu. Na usipige kelele."

Fundi alishusha miguu.

"Malori yenu yanabeba nini?"

"Nyama."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu. Imeandikwa ubavuni..."

Akamwonyesha picha kwenye simu yake. Ilipigwa kwa kamera ndogo kuliko punje ya dengu, iliyobandikwa ndani ya mlango wa lori usiku wa kuamkia jana. Ilionyesha nyuso nyingi, zimebanana, na macho yanayotafuta mwanga.

Fundi aliangalia mpaka midomo ikabadilika rangi.

"Sikujua. Haki ya Mungu, Shangazi, sikujua."

"Najua. Ndiyo maana bastola imelala. Unaweza kufungua namba nne kutoka hapa?"

"Siwezi. Mimi si mtu wa injini, ule mfumo unaotekeleza amri. Injini anayo mhandisi mmoja huko ng'ambo, hata sura yake siijui, na inapokea amri kutoka simu ya Mzee Mpole peke yake." Aliona aibu kidogo kuyasema yaliyofuata. "Mimi ni mtu wa vitufe."

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Ule mstari wa chini kwenye skrini ya simu. Kila ukurasa una vitufe vyake. Ramani ina vitatu, Madereva ina viwili, Mzigo ina vinne. Mimi ndiye ninayeamua kitufe kipi kionekane kwenye ukurasa upi, na kikae wapi. Basi. Kikibonyezwa kinafanya nini, hilo si langu."

"Kidole chako kilienda wapi?"

Mkono wa kushoto ukajificha mfukoni.

"Mwezi wa tatu. Kwenye ukurasa wa Mzigo, Fungua inakaa kona ya kulia, Zima inakaa pembeni yake. Nikazibadilisha. Zima nikaiweka konani."

"Kwa nini?"

"Basi tu." Akatazama sakafu. "Lori likafika salama, Mzee akataka kufungua. Akabonyeza kona bila kuangalia. Mzigo ukaharibika. Akaniita, akaniambia pole, akachukua ule mkasi wake wa mawaridi."

"Hakusoma?"

"Hasomi. Kidole chake kinajua njia. Hata lile swali la 'Una hakika?' aliniamuru niliondoe. Alisema yeye haulizwi maswali na simu."

Hapo ndipo Shangazi alipoipata njia. Kwa wiki tatu alikuwa anatafuta ufa kwenye ukuta wa mtu yule, kumbe ufa ulikuwa mkononi mwa kijana huyu, umepona na kufunga ngozi. Mpole alikuwa ameadhibu kosa na kuiacha sababu yake nzima kabisa. Bado alibonyeza bila kuangalia.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na Shangazi alilijua tangu siku ya kwanza alipofuta vumbi kwenye picha ile ya msichana anayecheka. Alikuwa amemwona kwenye faili. Watu ishirini na wanane kwenye sakafu ya chumba cha maiti upande wa pili wa mpaka, mzigo wa mwezi wa tatu, na mkono mmoja wenye kovu la pasi umetokeza nje ya shuka.

Fundi alikuwa na akili. Sasa ameshajua kuwa nyama ni watu. Akipewa dakika moja ya utulivu angehesabu mwenyewe na kufika, na akifika hapo hangekuwa na faida kwa mtu yeyote. Shangazi hakumpa hiyo dakika.

"Huyu nani?"

"Mdogo wangu. Alipata kazi ng'ambo mwanzoni mwa mwaka. Tangu hapo hapatikani kwenye simu. Nimemtafuta mpaka..."

"Yumo."

"Yumo wapi?"

"Namba nne."

Uongo ulitoka laini. Hata ukope haukumcheza. Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena, na usoni mwake furaha na hofu ziligombania nafasi. Shangazi alimtazama na kujichukia kidogo, kisha akatazama saa. Saa tano kasoro dakika tano.

"Zibadilishe tena," alisema. "Zima konani, Fungua pembeni yake. Kosa lile lile. Akitaka kuwaua, awafungulie."

Fundi alikuwa ameshaanza kuandika.

"Ukurasa wa Mzigo tu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kazini kwake. "Ramani iko mbele ya macho yake kutwa na inajipakua yenyewe kila robo saa, nikigusa kitu atakiona. Mzigo anaufungua akiwa na haja tu." Akabonyeza mara mbili. "Tayari. Ila bado."

"Bado nini?"

"Asubuhi ameshaufungua. Simu imeushika ule wa zamani. Mpaka mtu auvute chini kwa kidole ujipakue upya, vitufe vitabaki palepale."

"Avute nani?"

Fundi alitazama zile simu za majaribio.

"Nikiondoa kitufe cha Kuza kwenye Ramani, ataniita. Kila baada ya dakika mbili anakibonyeza. Nitakirudisha, nitamwambia ukurasa umekwama, nitaomba simu niuvute. Nitavuta na wa Mzigo."

"Kisha?"

Alitazama kidole gumba cha mkono wa kulia kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Huwa anasema pole kwanza," alisema.

Shangazi angeweza kusema neno hapo, na nusu dakika ingetosha. Badala yake alimchomekea mfukoni kalamu ya Parker yenye kipaza sauti ndani ya kofia yake.

"Ukishauvuta, kohoa."

"Shangazi, nisikilize vizuri. Leo kona inaua. Mzee akiamua kufungua, kwa sababu yoyote ile, mkono wake utaenda konani na watakwisha wote. Lazima atake kuua."

"Hilo niachie mimi."

"Na yeye atakuwa wa kwanza kushuka? Mdogo wangu?"

"Inua miguu," alisema Shangazi, akachukua ndoo yake.

*

Saa tano na dakika ishirini na mbili, simu ya mezani kwa fundi ililia. Saa tano na dakika ishirini na nne, fundi alipanda ngazi. Alimpita Shangazi ghorofa ya pili, amepiga magoti anasugua. Hawakutazamana.

Mlango wa chuma ulifunguka. Ukafungwa.

"Karibu, kijana wangu." Sauti ya Mpole ilikuja safi kupitia kalamu. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Mzee."

"Vizuri. Kitufe changu cha kukuzia ramani kimeenda wapi?"

"Nadhani ukurasa umekwama, Mzee. Naomba nikuvutie."

"Vuta. Mimi nakuangalia wewe."

Shangazi alisugua doa ambalo halikuwepo.

"Kimerudi, Mzee. Ngoja nivute na wa Mzigo, usije ukakwama nao."

Kikohozi.

Redio ikakwaruza sikioni. Alikuwa Kipara, kiongozi wa wanaume wanne waliojificha ndani ya gari la mafundi bomba nje ya lango.

"Tumesikia, Shangazi. Tuingie?"

"Lori liko wapi?"

"Kilomita tisa toka kizuizini."

"Basi tulia."

Huko juu, Mpole alikuwa amevuta droo.

"Mwezi wa tatu nilikwambia nini, kijana wangu?"

"Nisiguse kitufe bila ruhusa yako."

"Na mimi nilikuwa na kitufe asubuhi, mara sina. Ukurasa haukwami wenyewe. Mshike."

"Mzee, kimerudi! Mzee, hiki ndicho nilichobaki nacho, nitafanyaje kazi..."

"Pole. Pole sana."

"Shangazi!" Kipara alikuwa anahema. "Wanamkata!"

"Wanakata kidole kimoja. Sisi tuna watu thelathini na mmoja. Ukishuka kwenye hilo gari, nitakupiga risasi mwenyewe."

Ukelele ulishuka kupitia kalamu, na ukashuka pia kupitia ukuta, hivyo aliusikia mara mbili. Mlinzi wa kwenye ngazi alicheka na kumwambia mwenzake kitu. Shangazi aliumia, na si kidogo. Lakini tambara halikusimama. Alisugua ngazi ile, akahamia nyingine.

Saa sita kasoro dakika kumi na sita.

"Limesimama." Huyu alikuwa Sajini, wa kizuizini. "Dereva ametulia. Namsalimia kwa adabu kama ulivyosema."

Chumbani juu, simu ya pili iliita, na Mpole akaiweka kwa sauti kubwa. Sauti ya dereva ikajaa chumbani.

"Mzee, tumesimamishwa. Ukaguzi wa kawaida tu. Wanataka kuona nyama. Nifungulie kidogo waone mizoga, twende zetu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, Mzee. Hata sajini wao anacheka."

"Haya," alisema Mpole. "Ngoja nikufungulie."

Shangazi aliinua ukosi hadi mdomoni.

Adabu! Yeye mwenyewe ndiye aliyemwagiza Sajini awe na adabu, wasimshtue dereva mapema. Na sasa adabu hiyo ilikuwa inaupeleka mkono wa Mpole konani.

"Sajini! Piga tairi!"

"Lakini uliniambia..."

"Piga! Piga tairi, piga kioo, piga kila kitu! Sasa hivi!"

Risasi zilisikika kupitia redio yake na kupitia simu ya dereva kwa pamoja. Dereva alipiga mayowe.

"Mzee! Wanatupiga! Wametuzunguka, Mzee, ni jeshi hili!"

Fundi alikuwa anagumia mahali fulani sakafuni. Shangazi hakuona kidole kile kiko wapi. Huenda kilikuwa kimeshagusa. Huenda watu wale walikuwa wameshaanza kusikia feni zikinyamaza.

Mpole alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyemwagiwa chai kwenye shati jipya.

"Basi," alisema. "Pole zao."

Kidole kikaenda kwenye njia yake ya siku zote.

Sekunde moja. Mbili. Nne.

"Shangazi..." Sauti ya Sajini ilikatika. "Shangazi, milango imefunguka! Yote miwili! Wanasukuma mizoga... wanatoka! Wanaruka chini, Shangazi, wanatoka!"

Shangazi alisimama. Magoti yalilia, hakuyajali. Mkono uliingia kwenye ndoo.

"Wewe, mama, unaenda wapi na..." alianza mlinzi wa kwanza.

Hakumaliza. Glock ilikohoa mara mbili, na walinzi wawili wakakaa chini kwenye ngazi alizotoka kuzisugua. Aliwaruka. Akabandika C4 kwenye bawaba, akachomeka waya, akageuza uso.

"Kipara. Sasa."

Mlango uliingia chumbani kwa kishindo.

Mlinzi wa tatu alikuwa amemwinamia fundi. Risasi moja, shingoni. Vumbi lilipotua, Mpole alikuwa amesimama karibu na mawaridi yake, simu mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu anunue simu ile, alikuwa anasoma.

"Imeandikwa Fungua," alisema kwa mshangao wa kweli.

"Imeandikwa hivyo tangu saa tano."

Akaangalia tena skrini. Akatafuta ile nyekundu ya Zima kwa kidole, safari hii kwa makini, akaibonyeza. Akabonyeza tena.

"Zima," Shangazi alimwambia. "Zima hata mara mia. Wako barabarani. Hewa ya huko haina kitufe."

"Wewe si yule mwanamke wa usafi?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakusifu. Ngazi zilikuwa zinang'aa." Mkono wake mwingine ulikuwa unatambaa nyuma ya chungu cha waridi, taratibu, kwa upole.

Risasi ya kwanza ilimtoboa mkono ule, na bastola ndogo ya Walther ikaangukia udongoni. Ya pili haikuwa ya lazima. Mkuu alikuwa amemtaka hai. Shangazi aliipiga kwa ajili yake mwenyewe, katikati ya paji la uso, na hakujisikia vibaya hata chembe.

*

Kipara alimfunga fundi mkono kwa taulo. Damu iliipita taulo, akaongeza nyingine. Mkasi wa mawaridi ulikuwa bado juu ya meza, umefutwa vizuri na kurudishwa kwenye ala yake.

"Wametoka?" Fundi alikuwa mweupe midomo, lakini anatabasamu. "Wametoka wote?"

"Wote," alisema Kipara. "Wazima. Umefanya kazi ya wanaume kumi, ndugu yangu."

"Niulizieni mdogo wangu. Nipeni redio."

Kipara alimpa Motorola bila kufikiri. Fundi aliishika kwa viganja viwili, kimoja cha taulo na damu, akaigeuza hivi na vile. Kidole gumba cha kubonyezea kitufe hakuwa nacho.

Shangazi alimbonyezea.

"Afande," fundi alisema. "Kuna msichana hapo. Ana kovu la pasi mkononi, juu kidogo ya kifundo. Mwambieni kaka yake yupo. Mwambieni nakuja."

"Subiri, kaka."

Walisubiri. Kompresa ya chini ilinguruma, ikazimika, ikanguruma tena. Kipara alitabasamu na kumpigapiga begani. Shangazi alitazama dirishani.

"Kaka?" Sajini alirudi. "Wanaume ishirini na wawili, wanawake tisa. Nimeangalia mikono yote kumi na minane. Hakuna mwenye kovu."

"Angalia tena."

"Nimeangalia mara mbili, kaka. Nimewauliza pia. Hawamjui."

Shangazi aliachia kitufe cha redio. Alimwona fundi anahesabu. Yeye Shangazi ndiye aliyeizuia hesabu hiyo tangu asubuhi kwa haraka na kwa uongo, na sasa haraka ilikuwa imekwisha. Nyama ni watu. Mdogo wake aliondoka mwanzoni mwa mwaka. Mwezi wa tatu, mzigo uliharibika.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilisahaulika usoni kwanza.

"Ule mzigo," alisema. "Haukuwa nyama."

"Haukuwa."

"Wangapi?"

"Ishirini na wanane."

"Na yeye..."

"Ndiyo."

Kipara aliondoa mkono wake begani.

"Ulijua," fundi alisema.

"Nilijua kabla sijakwambia uinue miguu."

"Uliniambia yumo. Ulinitazama machoni ukaniambia yumo."

"Ungepanda zile ngazi bila hivyo?"

Hata sasa alikuwa mtu mkweli, alilifikiria swali.

"Sijui."

"Na mimi sikujua. Na sikuwa na muda wa kukaa nikujue."

Fundi alitazama taulo mbili zilizokuwa mkono wake wa kulia. Alizungumza kwa sauti ndogo, kana kwamba anaeleza hitilafu ndogo ya kazi.

"Asubuhi uliniuliza kwa nini nilivibadilisha. Ile mara ya kwanza."

Shangazi alitazama ule mkasi.

"Rangi," alisema fundi. "Nyekundu ilipendeza pale konani. Nilikaa nikaangalia, nikaona imependeza. Basi."

Shangazi aliweka Glock kwenye mfuko wa gauni, akajifunga kilemba upya, akamwonyesha Kipara kwa kichwa kwamba kijana apelekwe hospitali. Kisha akashuka. Alimhurumia ngazi zote za ghorofa ya tatu, na nusu ya zile za ghorofa ya pili.

"Shangazi." Mkuu alikuwa sikioni. "Safi. Mpole?"

"Maiti."

"Nilikwambia hai."

"Nimesikia vibaya."

"Na fundi?"

"Hai."

"Tutamhitaji. Kuna genge jingine huko kaskazini, linatumia injini ileile. Kurasa, vitufe, kila kitu. Unadhani atakubali?"

"Atakubali. Hana pa kwenda."

"Na wewe, unataka nini?"

"Chakula cha mchana. Toka jana sijala."

Alizima kifaa, akakitoa sikioni na kukitumbukiza mfukoni. Nje, Land Cruiser ilikuwa inamngoja, injini inawaka, mlango wazi. Sakafu ya korido ya chini ilikuwa bado mbichi pale alipoideki asubuhi. Shangazi alivua ndala, akapita pembeni, ukutani, asiichafue.